Biskuti Moja

Maji yalikatika asubuhi, Roelie yumo kwenye choo cha wanawake na brashi mkononi. Alivuta, choo kikakohoa kama mzee anayetaka kuanza hotuba, kisha kikanyamaza. Akavuta tena. Kimya, kimya cha mtu aliyenuna.

"Jantine!" akamwita bintiye. "Umefunga koki gani tena?"

Kabla Jantine hajajibu, mlango wa bafu ukafunguliwa, akatoka Bibi Kuipers, mgeni wao kutoka Eindhoven, povu tangu utosini hadi miguuni, taulo kaifungia kwapani.

"Roelie," alisema, macho kayafumba, "mimi nimelipia maji ya moto. Yangetoka ya baridi ningevumilia. Haya ya leo hata hiyo baridi hayana."

"Subiri kidogo mama, ni bomba tu."

"Nisubiri vipi na sabuni inaniingia machoni?"

Roelie akaenda mbio hadi langoni, akajaza chupa, akarudi akamwinamisha kichwa na kummiminia, kama padri anayebatiza mtoto mkubwa aliyechelewa. Ndivyo siku ilivyoanza: mwenye kambi ya mahema ya wageni, mjane wa miaka sitini na sita, anamwogesha mteja kwa chupa mbele ya watu walioshika miswaki.

Na kambi ilikuwa imejaa hadi ukingoni mwa mto. Kiangazi kikifika Waholanzi huziacha nyumba zao zenye mabafu mazuri, wakafunga baiskeli nyuma ya magari, wakateremka hadi kusini mwa Ufaransa ili wapange foleni ya kuoga, na raha hiyo wanailipia. Roelie hakuwashangaa. Naye ni Mholanzi, wa mkoa wa Drenthe, na yeye na mumewe Wubbe walikuwa wameishi kwa foleni hiyo tangu Jantine akiwa anatambaa.

Maji ya kunywa yalitoka kwenye bomba la kijiji, membamba kama uzi, pale langoni tu. Ya kuoga, ya vyoo, ya kufulia na ya kuoshea vyombo yalitoka juu mlimani, kwenye chemchemi ya Bibi Léontine mfuga mbuzi, kwa mpira wa maji ambao Wubbe aliufukia kwa mikono yake mwaka ule walipofika. Koki ilikuwa uani kwa bibi huyo. Karatasi ya makubaliano haikuwepo. Wubbe alikuwa akisema karatasi ni za watu wasiosalimiana. Kila mwaka, kabla ya msimu, alipanda mlimani mchana akarudi jioni anakwenda upande kwa shibe na divai.

"Umeuliza habari ya maji?" Roelie humwuliza.

"Hayaulizwi," humjibu Wubbe. "Bibi Léontine anakusalimu."

"Nawe unanuka mbuzi. Chakula kimepoa."

Mwaka huu hakupanda mtu. Wubbe walimzika mwezi wa pili.

Asubuhi ile Jantine alipanda kabla jua halijakaza. Alikuwa mtu wa ofisi huko Zwolle, Uholanzi, kachukua likizo amsaidie mama yake msimu huu wa kwanza bila baba, na Kifaransa chake kilikuwa cha shule, kizuri, kimepigwa pasi. Alirudi uso umemwiva.

"Hakufungua mlango," alisema. "Ameniongelesha dirishani. Tena nusu dirisha."

"Umemwambia maji hayatoki?"

"Nimemwambia. Nikamwuliza kama chemchemi imekauka kwa jua hili."

"Akasemaje?"

"Haijakauka. Amesema chemchemi inakula."

"Inafanya nini?"

"Inakula, Mama. Nikadhani sikusikia vizuri. Akanirudia polepole kama anamfundisha mtoto kusoma: 'Mwambie mama yako, chemchemi iko mezani, inakula. Saa hizi haipokei wageni.' Akafunga dirisha."

Roelie akatikisa kichwa. "Maskini. Ni uzee. Ana themanini na ushei yule."

"Hakuonekana mzee aliyechanganyikiwa," Jantine alisema. "Alionekana anafurahi."

Kufikia siku ya pili, kambi ilikuwa inanuka. Roelie na bintiye walisomba maji mtoni kwa toroli la Wubbe, ndoo zikicheza na kumwagika njiani, wakazipanga kwenye milango ya vyoo. Jantine akabandika tangazo: *Ukimaliza, mwaga ndoo moja. Samahani kwa usumbufu.* Mtu akaongezea chini yake kwa kalamu: *Na supu ya hotelini kwenu, nayo ni ya mtoni?* Hawakuwa na hoteli. Walikuwa wanauza mikate ya asubuhi na chipsi tu, lakini aliyeandika alikwishaipata raha yake.

Bibi Kuipers alifungasha. Mumewe alikuwa anakunja hema kimya kimya, kama mtu aliyezoea kukunja vitu kabla hajamaliza kuvifurahia. Bibi akaja mapokezi kudai pesa za siku ambazo hawangelala. Roelie akampa. Bibi akazihesabu mbele yake, akalamba kidole, akahesabu tena.

"Na ile sarafu," alisema.

"Sarafu ipi?"

"Niliyoitumbukiza kwenye mashine ya maji ya moto. Nilipata povu tu."

Roelie akachukua kisu cha siagi, akaenda bafuni, akapiga magoti akaichokoa ile mashine mpaka ikatema sarafu. Akairudisha kwa mikono miwili. Bibi Kuipers akaitazama pande zote, kana kwamba huenda amepewa ya mtu mwingine.

Magari yakaanza kutoka, moja moja, na yote yalipofika kwenye daraja yalikata kushoto, kwenda kambi ya ng'ambo, ile yenye bomba la kuteleza la rangi ya chungwa na muziki tangu asubuhi. Msimamizi wa huko alimpungia Roelie mkono kwa upendo mkubwa.

"Mama," Jantine alisema walipokuwa wakijaza ndoo, maji yamewafika magotini. "Jumamosi hawa wengine wanaondoka na kambi nzima inapokea wageni wapya. Watu wana watoto wachanga. Siwezi kuwapokea kwa ndoo."

"Jumamosi bado."

"Jumamosi ni keshokutwa. Sikiliza. Ile kampuni ya vijumba vya plastiki, iliyoandika baada ya mazishi, bado inataka kununua. Wao watachimba kisima chao. Tukifunga kambi Jumamosi katikati ya msimu, habari itaenea, na mwakani hatakuja mtu. Bora tuuze ikiwa bado ni kambi."

"Nami niende wapi?"

"Kuna chumba kwangu. Unaona mfereji dirishani. Kuna lifti."

Roelie akainua ndoo. Maji yakamwagikia kiatuni. "Lifti," alisema, kama mtu aliyeonjeshwa chakula cha hospitali.

Sehemu ya kuoshea vyombo ilikuwa paa la bati juu ya safu ya masinki, haina ukuta. Wubbe aliijenga kabla hajajenga nyumba yao ya kulala; mwaka ule wa kwanza walilala karavanini na Jantine kwenye boksi la ndizi, lakini masinki yalikuwepo. "Kambi ni hapa," alimwambia Roelie. "Kwingine kote ni mahali pa kulala tu."

Na kweli. Mwanamume wa Kiholanzi akiwa kwake ana mashine ya kuosha vyombo, hata haijui inawashwa wapi. Mlete kambini, utamwona jioni anabeba beseni mbele ya tumbo kama mpiga ngoma, anakwenda kupanga mstari na wenzake. Hapo ndipo walipoambiana nani kanunua nyumba na nani kafukuzwa nyumba. Vijana wawili waligombea sinki moja mwaka wa mvua nyingi, mmoja wa Leeuwarden na mmoja wa Breda, wa kike na wa kiume. Sasa wanakuja na watoto wanne. Na Wubbe alikuwepo kila jioni, kitambaa begani, hata kama hana chombo. Aliomba kwa watu: "Nisaidie sufuria moja, ndugu yangu, nisikae bure." Akisha kupata sufuria, anaanzisha zaburi, sauti ya chini kabisa, ambayo Mungu hakumpa. Wengine hudakia. Roelie alizisikia zaburi hizo akiwa mapokezi na hesabu zake, na kila mara alikuwa akisema moyoni, nitakwenda kesho, leo nimalize hii.

Sasa masinki yalikuwa makavu, mabeseni machafu yamerundikana, nzi wamefanya mkutano. Alikuwepo mtu mmoja tu, Mwalimu Sietse, mstaafu wa Franeker, anayekuja kila mwaka na hema lile lile lililopauka. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga wa mtoni.

"Shemeji," alisema, "hata Musa alipata maji jangwani."

"Musa alikuwa na fimbo. Mimi nina toroli." Roelie akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Miguu ilikuwa inamwuma. "Sietse, yule bibi kachanganyikiwa. Anasema chemchemi inakula."

"Anasema nini?"

Roelie akamweleza. Sietse akaacha kusugua.

"Na mlionana naye lini mara ya mwisho?"

"Majuzi majuzi. Alishuka mwenyewe, hebu fikiria, hajawahi kushuka maisha yake. Alikuja na fimbo, kavaa nguo ya kanisani, kuniambia pole ya Wubbe. Akaniletea jibini."

"Ukampokeaje?"

"Vizuri! Ilikuwa Jumamosi, magari yamejaa hadi barabarani, lakini niliacha yote nikakaa naye. Nikampa kahawa."

"Kahawa na nini?"

"Na biskuti."

"Ngapi?"

"Sietse, biskuti ni biskuti."

"Ngapi, Roelie?"

"Moja."

"Ukafunga kopo."

"Sasa ningeliacha wazi zilainike?"

Sietse akaweka sufuria chini taratibu, kama anaweka yai. "Aliondoka saa ngapi?"

"Hata hakuwa na haraka. Alikaa, alikaa, mpaka ikakaribia saa kumi na mbili. Jantine alishaipua viazi. Basi nikamwambia kwa adabu kabisa, 'Haya Bibi, sasa sisi tunakula,' nikamsindikiza hadi langoni. Nilitaka hata kumpeleka kwa gari."

Mwalimu akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Mabega yakaanza kumtikisika, na Roelie hakujua kama analia au anacheka.

"Unajua mke wa mwanangu ni Mfaransa," alisema alipoweza kusema. "Siku ya kwanza alipokuja kwetu, marehemu mke wangu alimpa biskuti moja, akafunga kopo, na saa kumi na mbili akamwambia tunakula, kwaheri. Yule binti alilia kwenye treni hadi Utrecht. Mwanangu nusura aachwe kwa ajili ya biskuti. Kwao, Roelie, mtu akiwa ndani ya nyumba chakula kikiiva, hata awe mwizi, anakula kwanza."

"Lakini hiyo ni adabu. Sisi sote tunafanya hivyo."

"Sisi sote tuko huku kambini, shemeji, na maji yako kule juu."

Roelie akatazama masinki. Akaikumbuka sauti ya kopo alipolifunga, ile *tup* ya bati, na macho ya yule bibi yakilifuata kopo hadi kwenye rafu. Alidhani bibi analisifia kopo. Lilikuwa zuri, lina picha ya kinu cha upepo.

Siku iliyofuata mchana, Roelie akachana nywele, akalichukua lile kopo rafuni. Lilikuwa limejaa. Mlangoni akasimama, akang'oa kifuniko, akampa Jantine.

"Mama, zitalainika."

"Na zilainike."

"Unakwenda kumwomba?"

"Nakwenda kukaa," Roelie alisema. "Usinipikie."

Kopo likawa wazi mikononi mwake mlima mzima, nyuki wawili wakimsindikiza. Alipanda kwa mwendo wa watu wa Drenthe, waliolelewa juu ya baiskeli dhidi ya upepo, hakupumzika hata mahali ambapo Wubbe alikuwa akipumzika na kusema anatazama mandhari. Dirisha la Bibi Léontine lilikuwa nusu wazi, na ndani ya ile nusu kulikuwa na jicho.

Mlango ukafunguka kabla hajabisha.

"Madamu Roelie."

"Bibi Léontine."

"Umepanda haraka."

"Kumepoa kidogo," alisema Roelie, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

"Na goti?"

"Goti lipi?"

Yule bibi akamtazama tangu usoni hadi chini, macho yakatua kwenye magoti.

"Goti lako. Hili linalokuzuia kupanda huku tangu mlipolinunua lile shamba. Kila mwaka namwuliza mumeo, 'Na mkeo je, haji?' Kila mwaka ananijibu, 'Lile goti, Bibi Léontine. Goti linamwua yule mwanamke.' Nimeliombea goti hilo. Nimeliwashia mishumaa, na mishumaa haiokotwi."

Roelie hakuwahi kuumwa goti. Hakuwahi kupanda kwa sababu kulikuwa na kazi, na hesabu, na shuka za kuanika, na kwa sababu divai ya mchana si ya watu wenye akili timamu. "Nenda wewe," ndivyo alivyokuwa akimwambia Wubbe, "mimi sina muda wa kukaa kaa na watu." Naye Wubbe alikwenda. Mtu ambaye kwenye kodi hakuthubutu kudanganya hata bei ya kiberiti, alipanda kila mwaka na uongo mmoja mdogo mfukoni, akaulaza mbele ya yule bibi, mkewe asionekane mwenye dharau.

"Leo limenihurumia," Roelie alisema. Akakaa kwenye benchi, akakumbuka, akaweka mkono juu ya goti.

Kopo akaliweka mezani. Bibi Léontine akachungulia ndani kama mtu anayechungulia kisimani.

"Kifuniko kiko wapi?"

"Nimekiacha nyumbani."

Bibi akachukua biskuti, akala. Akamtazama Roelie. Akachukua nyingine, akala. Akamtazama. Akachukua ya tatu akaitia mfuko wa aproni.

"Kavu," alisema. Akaenda jikoni kuwasha moto.

Wakala supu ya maharage, divai pembeni, na baada ya supu mayai yenye majani ya bustani, na Roelie alipodhani wamemaliza ikaja sahani ya viazi, na viazi vilipowekwa yule bibi akabaki kasimama, ameshika kijiko.

"Nilishuka na nguo niliyomzikia mume wangu," alisema. "Nikasema, maskini, ana goti, kafiwa, hawezi kunijia, basi mimi nimfuate. Njia nzima na fimbo. Ukanipa moja, ukafunga. *Tup!* Nikasema haidhuru, ni msiba, wafiwa wengine hawajui wanachofanya. Nikakaa. Nikasikia harufu ya viazi. Nikasema, sasa tutakula, atalia kidogo, nitalia kidogo, nitarudi kwangu. Ukasimama ukaniambia, 'Sasa tunakula.' Madamu, mimi nanusa viazi na wewe unaniaga!"

"Kwetu ndivyo ilivyo," Roelie alisema taratibu.

"Kwenu mnakufa njaa?"

"Hapana. Kwetu kila mtu ana chungu chake kinamngoja. Kumkalisha mgeni saa ya kula ni kumchelewesha kwake."

Bibi Léontine akaangalia nje, mbuzi wake wamelala kivulini.

"Na mimi," alisema, "namchelewea nani?"

Roelie aliiona meza ya nyumbani kwake, kiti cha Wubbe, na mwezi wa tisa Jantine atakaporudi kazini, saa kumi na mbili itakapogonga na chungu kumngoja yeye peke yake.

"Nimekosa," alisema. "Nimekosa sana, Bibi Léontine."

"Basi kula, vinapoa."

Wakala. Kengele ya kanisa la bondeni ikaanza kugonga saa kumi na mbili, na mwili wa Roelie, uliofunzwa tangu utoto, ukataka kuinuka wenyewe. Yule bibi akaweka uma chini, akakunja mikono kifuani.

"Saa yenu hiyo, Madamu."

"Naisikia," Roelie alisema. Akasukuma bakuli lake mbele. "Niongezee supu."

Kitu fulani kikalegea kwenye uso wa Bibi Léontine, kama fundo la kamba lililolowa. Akamwongezea hadi ikafurika.

Walipomaliza, Roelie akakusanya sahani, akakunja mikono ya blauzi. Hakuna aliyemwambia. Sabuni ilikuwa pale ambapo mkono wake uliiendea.

"Mumeo naye alianza hivyo hivyo," bibi alisema nyuma yake. "Mwaka wa kwanza alikula, akainuka, akachukua sahani zangu. Nikadhani anataka kuziiba. Mwanamume anaosha sahani! Baba yangu hapana, kaka zangu hapana, na mume wangu alikufa hajui sinki liko upande gani. Nilikwenda nikafunga dirisha, majirani wasione."

"Kisha?"

"Mwaka wa pili nikalifungua. Nikafungua na mlango, waone vizuri." Akacheka, cheko kavu la mbuzi. "Alikuwa anaimba."

"Zaburi."

"Vibaya."

"Vibaya sana," Roelie alisema, na machozi yakadondokea kwenye maji ya sabuni, mahali ambapo machozi hayaonekani. Ajabu ni kwamba alikuwa ameanza kuimba mwenyewe, chini chini, ile sauti ya chini ambayo si ya mwanamke.

Bibi Léontine akasema anakwenda kuwafungia kuku. Alikawia. Kuku wenyewe walikuwa watano na jua lilikuwa bado juu. Aliporudi, ndara zake zilikuwa zimelowa chapachapa na pindo la aproni linachuruzika. Roelie akalitazama lile pindo, akakausha sahani ya mwisho, akaiweka rafuni. Neno la maji halikutajwa na mtu.

"Mwakani utakuja?" bibi aliuliza mlangoni.

"Goti likiniruhusu."

"Nitaliwashia mshumaa. Kopo liache."

"Ni lako, Bibi."

Jua lilikuwa bado limeshika vilele alipoanza kushuka, tumbo mbele, kichwa chepesi kwa divai. Alikwenda upande kidogo, kama alivyokuwa akienda mtu mwingine kwenye njia hiyo. Chini ya udongo, pembeni ya njia, akausikia mpira wa Wubbe ukikohoa, ukigugumia, kisha ukatulia kwenye mlio mmoja mrefu unaoteremka. Akasimama kusikiliza. Hazikupita dakika nyingi, kelele ikapanda kutoka bondeni, watoto kwanza, halafu wanawake, halafu mabeseni yakigongana kama ngoma. Wanaume walikuwa wanakimbilia masinki. Mmoja akaanzisha wimbo, bila shaka Sietse, wengine wakadakia, na pale chini, mahali pa sauti ya chini kabisa, palikuwa na nafasi tupu.

Ndipo alipolikumbuka dirisha. Hakugeuka, lakini mgongo wake ulijua kuwa limefunguliwa, lote, si nusu. Roelie akashika goti. Akaanza kuchechemea.

Alichechemea vizuri tu, hatua moja ndefu, moja fupi, mpaka sauti ilipomfuata kutoka juu, ya kikongwe lakini kali kama filimbi:

"La kushoto, Madamu! Alisema la kushoto!"

Roelie akasimama katikati ya njia. Mabega yakamtikisika kwa muda. Kisha akabadilisha mguu, akaendelea kushuka. Kona ikamficha, hapakuwa tena na mtu wa kumwona, na bado alichechemea, goti la kushoto, hadi langoni kwake.